Ijumaa Kuu Bridgetown, na mimi nimefunga

Watu wakisikia nilifanya kazi kwenye meli ya kitalii huko Karibiani wanadhani nilikuwa nashinda bichi na dafu mkononi. Nilikuwa dobi, ndugu zangu. Chini kabisa ya meli, hamna dirisha, mashuka na mataulo asubuhi mpaka usiku, visiwa vingine nimevijua kwa mchanga wa kwenye mataulo tu. Kwahiyo ile siku ratiba ilipobandikwa nikaona nimepewa masaa manne ya kushuka Bridgetown, Barbados, nikaandika kabisa na listi: laini ya simu, kumtumia mama hela ya futari, mafuta ya nywele, na viatu vya kazi maana vyangu soli ilishaanza kuongea.

Ilikuwa tarehe 29 Machi 2024. Hakuna aliyenishtua kwamba ni Ijumaa Kuu, na mwenyewe nisingekumbuka, kwenye meli hujui leo Jumanne au Jumapili, unajua leo kisiwa gani basi.

Na sisi tulikuwa Ramadhani, kumi la kati. Najua msafiri ana ruhusa ya kula, mama aliniambia mara mia, ila kufunga ndo kitu pekee kilichonifanya nijione bado mtoto wa Temeke, nikaking'ang'ania.

Pale bandarini kuna maduka ya wageni, baadhi yalikuwa wazi, vikombe, fulana, ramu, bei za kumlenga mtu wa dola. Nikatoka na mwenzangu Mfilipino tukatembea kwa mguu kwenda mjini, barabara imeambaa na bahari, ukipita soko la samaki utadhani unaelekea Feri, ila Feri gani isiyokuwa na kelele? Hata ule usafiri wao wa ZR, vipanya vyeupe vina mstari mwekundu uliokolea, ambavyo niliambiwa vinapiga muziki kuliko daladala ya Mbagala enzi zile, sikuona hata kimoja.

Tukaingia Broad Street, ndo Kariakoo yao niseme, japo imenyooka na ni safi. Mageti chini. Mtaa mzima. Pale kanisa la St Mary's watu wanaingia ibadani, nyeupe, nyeusi, zambarau, kina mama na kofia zao za maana, na barabarani wamebaki abiria wa meli yetu tu wanazunguka kama kuku waliofunguliwa asubuhi hawajamwagiwa mtama. Baba mmoja wa kaptula anatikisa mlango wa duka la saa, anatikisa tena, anamuuliza mkewe, sasa hawa watu wanataka hela au hawataki? Nilicheka kimoyomoyo. Wote wana njaa, wanatafuta pa kula, mimi peke yangu mtaa mzima ndo sina shida na mgahawa uliofungwa.

Ila na mi listi yangu ndo ilishakufa hivyo. Nikabaki nawaza, hivi Dar Ijumaa Kuu mbona hainipatagi hivi? Jibu ni jepesi, Dar Mkristo akiwa St Joseph pale anafanya Njia ya Msalaba, Muislamu kafungua duka Kariakoo, na siku ya Idi mambo yanageuka, unakula pilau langu halafu mchana unauza. Tunashikiana zamu bila hata kukubaliana. Barbados wengi ni Wakristo, zamu atashika nani? Waislamu wapo ila wachache, wengi asili yao Gujarat, babu zao walikuja kwa biashara kama wale wa Kisutu kwetu. Niliwaona wazee watatu na kofia wanawahi swala ya Ijumaa, nikawatolea salamu, mmoja akaitikia huku anageuka mara mbili mbili.

Mwenzangu akaona isiwe tabu akaenda bichi, maana bichi za kule zote ni za umma, hamna wa kuifunga. Mi nikachepuka uchochoro mmoja kutafuta kivuli. Kuna zile nyumba zao ndogo za mbao, zimepakwa rangi kali, zimekalishwa juu ya mawe bila msingi. Zamani waliofanya kazi mashamba ya miwa hawakuwa na ardhi, wakifukuzwa shambani wanafungua nyumba mbao kwa mbao wanaondoka nayo. Kwenye baraza ya moja kakaa bibi, mbele yake glasi ya maji juani, ndani mna ute wa yai.

Nikamuamkia, nikamuuliza hii dawa ya nini bibi. Kiingereza chao kigumu, nilishika nusu. Kumbe Ijumaa Kuu wanamimina ute wa yai kwenye maji, ikifika saa sita mchana unatengeneza umbo, na umbo ndo linasema mwaka wako ukoje. Kanisa, ndoa. Jeneza, jaza mwenyewe. Meli, safari. Nikachungulia, uzi mweupe umepanda juu kama mlingoti. Meli hiyo, nikasema. Bibi akafyonza. Kila mwaka meli, mwanangu, ukikaa jirani na bandari utaona nini kingine, mi miaka yote hii sijaenda popote.

Halafu akachukua kisu akaenda kwenye ua, akachanja mti. Anasema mti huu saa sita ya leo unatoa damu, kwasababu msalaba ulichongwa humo. Utomvu ukachuruzika, mwanzo kama maji ya sabuni, ukakaa kaa ukaanza kuwa kahawia unaelekea wekundu. Bibi akaniangalia aone nimeshtuka. Nilishtuka kweli, ila sababu nyingine, ule si mbono kaburi! Ule ule wa kwa bibi yangu Mkuranga, unaopandwa makaburini, ambao mtoto akiuchezea na sare ya shule anachapwa maana doa lake halitoki, mi dobi nawaambia halitoki. Inasemekana asili yake ni huko huko Amerika, Wareno ndo walituletea.

Mjukuu wake akaniwashia hotspoti nikampigia mama video. Kule saa sita mchana, Temeke saa moja jioni, wametoka kufuturu, naona bakuli la tambi na mikono ya watoto. Nikageuza kamera nimuonyeshe mti. Mama akasogeza uso kwenye simu mpaka likabaki jicho.

"We mtoto, uko makaburini? Ijumaa hii, na swaumu yako, umefuata nini makaburini?"

Nikaeleza, ikawa ndo nazidi kuharibu. Ya yai sikuthubutu kabisa.

Bibi alinifungia mkate mdogo kwenye foili, ule wa viungo na zabibu kavu una msalaba juu, nikamwambia nitakula jua likizama, akasema sawa, na mi leo nimekula samaki tu. Magharibi ilinikuta kwenye mashine, soli imefungwa na gundi ya karatasi, nikafuturu na ule mkate na maji ya bomba. Mataulo ya jioni ile yalikuwa na mchanga kuliko siku zote. Maduka yamefungwa, wote waliishia bichi.