Mzigo wa Kitenzi "Chukua"

Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, nusu ya ukurasa wa daftari, na kuitafsiri hakukunichukua hata robo ya muda niliokaa nikingoja kulipwa. Zahanati moja iliyo nje kidogo ya Kisumu, upande wa barabara ya kwenda Busia, ilitaka maelezo ya dawa yaandikwe kwa Kiswahili ili wagonjwa wasiojua Kiingereza wayasome wenyewe au wasomewe nyumbani. Sentensi ya kwanza ilianza na kitenzi ambacho kila mtoto wa darasa la kwanza hukijua, yaani "take", nami bila kuinua kichwa nikaandika: "Chukua dawa hii kila siku asubuhi."

Siku ya tatu mtoa dawa akanipigia simu. Palikuwa na bibi mmoja aliyekuwa amekuja dirishani asubuhi mbili mfululizo kwa boda boda, akitoa ile karatasi yangu kwenye kitambaa alimoifunga na kudai dawa ya siku hiyo, na kila alipoambiwa kwamba alikwisha kupewa bahasha nzima alijibu kwamba mjukuu wake anajua kusoma. Nilikwenda. Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi, leso imefungwa vizuri, hana haraka wala hasira. "Mwanangu," akaniambia, "karatasi imesema nichukue kila siku, nami nimekuja kuchukua. Zile za juzi nimeziweka kabatini." Hakuwa amemeza hata tembe moja. Nilimrudishia nauli yake ya siku zote mbili, akaipokea bila kubisha, akaihesabu.

Kosa lilikuwa langu, si la zahanati wala la bibi. Kiswahili alichosomewa na mjukuu wake kilikuwa sahihi kabisa, ila kilikuwa kikisema jambo jingine. Kuchukua dawa ni kwenda mahali dawa ilipo, kunyoosha mkono na kuondoka nayo. Ikishafika nyumbani, dawa hunywewa, na Kiswahili hakijali kama ni maji au ni tembe kavu kama chaki: mtu hunywa dawa, au huimeza, na daktari akitaka kuwa mpole humwambia mgonjwa aitumie. Vitenzi vitatu vilikuwa vimeketi pale tayari, nami nikavipita vyote nikakiendea cha nne kwa sababu tu ndicho kilichoandikwa wa kwanza katika kamusi yangu ya shule.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikifuatilia kitenzi hiki cha Kiingereza jinsi mtu anavyomfuatilia mdeni wake. Kwanza kabisa, si mzaliwa wa Uingereza. Kililetwa na Waviking kutoka Skandinavia, na katika lugha yao ya kale kilitamkwa "taka", kwa herufi zile zile za "taka" yetu ya kutamani kitu, ingawa hayo mawili hayana udugu wowote. Kabla ya hapo Waingereza walikuwa na kitenzi chao wenyewe, "niman", ambacho binamu yake angali hai katika Kijerumani, "nehmen". Mgeni na mwenyeji waliishi pamoja kwa karne kadhaa, kisha mgeni akaenea nyumba nzima na mwenyeji akafa. Mojawapo ya mabaki yake yanayosikika kila siku ni lile neno "numb", la kiungo kilichokufa ganzi, ambalo hapo zamani lilimaanisha kilichotwaliwa, kilichonyakuliwa.

Habari hii ya Waingereza wa kale ilinigusa kuliko nilivyotarajia, kwa maana nyumbani kwetu mambo hayo hayo yanatendeka sasa hivi, machoni petu. Kitenzi cha asili cha kukifanya kitu kiwe mkononi mwako kilikuwa "twaa", na "chukua" kilikuwa na kazi nyingine. Kilikuwa kitenzi cha mzigo. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka wa 1939, inaanza na maana ya kubeba, na kutoka hapo inakwenda kwenye kustahimili, kukimu na kuenea: mtoto mwema aliwachukua wazee wake, yaani aliwalisha na kuwavisha, chombo kilichukua pishi kadhaa, nguo ikimkaa mtu vizuri ilisemwa kwamba imemchukua. Mchukuzi ni mtu wa mizigo hadi leo, na wizara yetu inayoshughulikia magari, reli na meli huitwa ya Uchukuzi, wala hakuna anayedhani kazi yake ni kunyang'anya watu vitu. Hapa Kisumu, ambapo reli ilifika ziwani mwishoni mwa mwaka wa 1901, mji mzima ulijengwa juu ya kazi hiyo ya kuchukua kwa maana yake ya kwanza.

Maana hiyo haijafa. Mwezi uliopita nilikuwa Kibuye nikitafuta mkokoteni wa kunihamishia vitabu na mahindi, na kijana mwenye mkokoteni akautazama mzigo wangu, akaupiga teke gurudumu, akasema, "Huu unachukua magunia sita, mwalimu. La saba utalibeba wewe." Hakuwa akiongea kwa kamusi ya 1939, bali kwa mgongo wake.

Ukitaka kuona "twaa" na "chukua" wakiwa bado kila mmoja kwenye kiti chake, fungua Biblia ile ya Kiswahili cha Muungano ambayo wengi wetu tulilelewa nayo. Mezani Yesu anawaambia wanafunzi, "Twaeni, mle." Kwa yule aliyelala miaka mingi kando ya birika anasema, "Simama, jitwike godoro lako, uende," na hapo mtafsiri hakuridhika na kitenzi cha kushika tu, akatafuta kile cha kuweka mzigo kichwani, kwa sababu aliliona lile godoro. Na Yohana Mbatizaji anapomwonyesha Mwana-kondoo wa Mungu, anamwita "aichukuaye dhambi ya ulimwengu". Nilipokuwa kijana niliusikia mstari huo kama habari ya mtu anayekuja kuzoa taka; leo nausikia kama habari ya mtu aliyebebeshwa, na nikiambiwa kwamba neno la Kigiriki la mahali hapo lina maana zote mbili, ya kuinua na ya kuondoa, naona mtafsiri alikuwa na bahati ya lugha yenye kitenzi kilichomtosha.

Sasa "twaa" yuko wapi? Amebaki uwanjani. Gor Mahia ikishinda ligi, gazeti la kesho yake huandika kwamba imetwaa ubingwa, na mashabiki wa Kondele ambao hawajakitumia kitenzi hicho tangu walipoacha shule ya Jumapili hukiimba barabarani. Nje ya makombe na mataji, kazi yote amerithishwa "chukua", na "chukua" mwenyewe, akiwa mchukuzi kwa kuzaliwa, hajui kukataa mzigo. Tukampa hatua, tukampa fursa, tukampa likizo, tukampa muda. Sisemi yote ni makosa. "Kazi ilimchukua siku tatu" ni Kiswahili ambacho siwezi kukilaumu, na hatua nazo zimekwisha kuchukuliwa na serikali nyingi mno kiasi kwamba haziwezi tena kurudishwa. Lakini ile "ningependa kuchukua fursa hii" ya kila mzungumzaji kwenye harambee na matanga nakiri kwamba inanichosha, hasa kwa kuwa mtu anayeitamka huwa ameshika kipaza sauti tayari na fursa yenyewe alikabidhiwa na mshereheshaji. Baya zaidi nililisikia mwaka jana kwenye msiba mmoja, ambapo ilitangazwa kwamba mazishi "yatachukua nafasi siku ya Jumamosi". Kuchukua nafasi ya mtu ni kukaa pale alipokuwa. Nilijiuliza mazishi yanamrithi nani. Mazishi hufanyika, na yangefanyika Jumamosi hiyo hiyo bila kumsumbua mchukuzi.

Kuna mahali pengine pengi ambapo Kiingereza humtuma mfanyakazi wake mmoja na Kiswahili humtuma mjuzi wa kazi ile. Picha hupigwa, mtihani hufanywa, kiapo huliwa, matatu hupandwa au, kwa wasemaji wengi wa huku, hushikwa. Viatu huvuliwa, ndege hupaa, kisasi hulipizwa, na mtu anayetaka kuoga huoga tu. Mgeni huambiwa karibu, keti. Katika ofisi moja mjini nilimsikia kijana wa mapokezi akimwambia mzee "chukua kiti", na yule mzee, ambaye nadhani alielewa vizuri kabisa, akakiinua kiti akauliza akipeleke wapi.

Ila panaponisisimua zaidi ni pale Kiingereza kinapotwaa na Kiswahili kikatoa. Muuaji wa Kiingereza huchukua uhai, wa Kiswahili huutoa. Tendo ni lile lile na maiti ni yule yule, lakini lugha moja inautazama mkono unaoondoka na kitu, nyingine inautazama mwili kilimotoka. Kitenzi hicho hicho cha kutoa roho ndicho cha kutoa sadaka, cha kutoa jino, cha kutoa hotuba na cha kutoa hesabu. Mwalimu wetu wa darasa la pili alikuwa akisema "tisa toa nne" huku akifuta mapera ubaoni kwa kiganja, na Jumapili mchungaji akituambia tutoe, nilidhani sadaka ni aina ya hesabu ya kupunguza, na kwa upande wa mkoba wa mama yangu sikuwa nimekosea sana. Vivyo hivyo aliyekata tamaa. Kwa Kiingereza huambiwa auchukue moyo, kana kwamba uko mezani mbele yake. Sisi humwambia ajipe moyo, na mwenye kumwambia haelezi autoe wapi.

Wenzangu wa Kiluo wananicheka ninapolalamika, kwa sababu Dholuo hakijawahi kuwa na tatizo hili. Kuna "kawo" ya kukishika kitu kiwe chako, "ting'o" ya kukiinua na kukibeba, na "tero" ya kukifikisha mahali, na mtoto wa miaka mitatu hazichanganyi, kama vile mtoto wa Mombasa asivyochanganya kuchukua na kupeleka. Ni darasani ndimo zote tatu zinapomiminwa katika "take" moja, na tunapotoka darasani kurudi kwenye Kiswahili hatukumbuki tena kuzitenga. Hata hivyo nimejifunza kutomsingizia Mwingereza kila kitu. Kwa muda fulani nilikuwa nikiisahihisha "usingizi ulinichukua" nikiamini kwamba ina harufu ya ugenini, hadi rafiki mmoja wa Ahero aliponikumbusha kwamba kwao husemwa "nindo otere", usingizi umempeleka, na babu aliyesema hivyo hakujua hata salamu ya Kiingereza. Usingizi ni mchukuzi halali. Niliifutilia mbali ile wino nyekundu yangu.

Tangu Katiba ya 2010 ilipokiweka Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, kazi za aina hii zimekuwa zikinijia moja moja: fomu, matangazo, maelezo ya mikopo. Wiki jana ilinijia barua ya chama cha kina mama wa kutoka upande wa Ahero, iliyoandikwa kwa Kiingereza na kijana wao aliyeko chuoni, nao wakataka isomeke kwa Kiswahili mbele ya mkutano. Ndani yake palikuwa na sentensi moja kuhusu mjane anayesimama mbele ya ndugu za marehemu mumewe kuuliza habari za shamba, kwamba jambo hilo, kwa maneno ya yule kijana, linachukua ujasiri. Niliandika hivyo. Nikafuta, nikaandika kwamba linahitaji ujasiri, nikaisoma kwa sauti ikasikika kama taarifa ya benki. Nilitoka nje, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikarudi nikaandika maneno mawili: "Yataka moyo."

Mwenyekiti wao alikuja kuichukua barua siku ya Alhamisi. Aliketi, akavaa miwani, akasoma polepole kidole kikifuata mstari, na alipofika pale akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hapo umesema, mwalimu," akasema. Kidole kikaendelea kushuka mistari minne au mitano, kikasimama. "Na hapa, mbona tunachukua watoto hospitali? Hao watoto walikuwa wamelazwa?"

Nikainama nikaangalia. Nilikuwa nimeandika hivyo hivyo, kwa mkono wangu, kwa wino. Nikamwomba kalamu yake nikaandika juu yake: kuwapeleka.