Siku moja na toroli la taka hospitalini

Saa kumi na mbili asubuhi nafungua stoo. Hospitali yetu iko Busia, upande wa Uganda. Wagonjwa wanatoka pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo Kiswahili kinazungumzwa wodi zote. Navaa buti, aproni nzito, glavu nene, barakoa na miwani. Kazi yangu ni kukusanya taka za wodi na kuzichoma. Watu wakiona toroli hushika pua na kunipisha, wala hawajui kwamba usalama wao unapitia mikononi mwangu.

Saa moja naanza mzunguko. Mfuko mweusi ni wa taka za kawaida: karatasi, maganda, mabaki ya posho, yaani ugali. Wa njano ni wa pamba na bendeji zenye damu. Mwekundu ni wa zile za hatari zaidi, kama vipande vya mwili kutoka thieta, na wa kahawia ni wa dawa zilizopita muda. Sindano zina sanduku lao gumu, na likifika robo tatu linafungwa, kwa sababu anayeshindilia sindano ya mwisho ndiye anayechomwa.

Mpaka saa nne ni kupima mizigo, kuandika daftarini, kurudi wodini.

Halafu ikaja wodi ya upasuaji. Mfuko hushikwa shingoni na kuwekwa mbali na mguu, na leo ndicho kilichoniokoa. Nilipouinua ule mweusi, ncha ya kanula, sindano ya kuwekea dripu, ilikuwa imetoboa plastiki, ina damu mbichi. Nikaushusha taratibu.

"Sista, njoo uone."

Sista akauliza nani ameweka dripu kitanda cha dirishani. Akaja daktari mwanafunzi, kijana mwenye heshima zake.

"Samahani mzee. Lakini si vyote mnachoma tu?"

Swali hilo nimelisikia kwa watu wenye vyeti vikubwa, na kila mara linaniuma. Nikamwambia: daktari, kabla ya tanuri kuna mkono wa mtu. Shirika la Afya Duniani linasema kiasi cha asilimia 85 ya taka za hospitali ni taka za kawaida tu. Sindano moja ikiingia humo, mfuko mzima unageuka wa hatari, maana hakuna anayeruhusiwa kutia mkono kuitafuta. Homa ya ini aina ya B inaweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 3 wanaochomwa na sindano yenye virusi hivyo bila kuchanjwa. Kwa VVU hatari ni ndogo, kama 3 kati ya 1,000, ila dawa za kinga lazima zianze ndani ya saa 72 na zimezwe siku 28. Mwenzangu mmoja, mama wa usafi, alizimeza. Nilimwona alivyokonda kwa kichefuchefu na hofu.

Kijana akanyamaza, kisha akaonyesha kwa kidole: sanduku lilikuwa juu ya meza ya manesi, mwisho kabisa wa wodi. Hapo alikuwa na haki. Sanduku linatakiwa liwe pale sindano inapotumika. Sista akalifunga kwenye toroli la dawa papo hapo. Mtu anaweza kujibu maswali yote ya semina, lakini mifuko ya njano ikiisha stoo, kila kitu kinaingia kwenye mweusi.

Mchana dizeli imechelewa. Nimekaa juani na mizigo ambayo kwa joto hili haitakiwi kulala zaidi ya saa 24. Tanuri lilipowaka lilichukua muda mrefu kufikia nyuzi 850, na chini ya hapo moshi wake ni sumu. Mipira ya dripu naitoa kando inapokuja peke yake. Plastiki ile ikiungua hutoa sumu iitwayo dioksini. Ebola ilipotangazwa Mubende, hapa hapa Uganda, Septemba 2022, hakuna aliyeniuliza kama vyote vinachomwa tu. Kila mtu alijua rangi ya mfuko wake.

Mgongo unauma. Majivu yakipoa nayapeleka shimoni bado nimevaa glavu, kwa kuwa sindano haziyeyuki, hubaki vyuma vyenye ncha. Nasafisha buti kwa klorini, naoga, giza limeshaingia. Fomu ya mifuko ya njano iko mezani kwa mhasibu tangu wiki iliyopita. Kesho naanzia kwake.