Siku ya oili haina hesabu

Hapa Wete, Pemba, sijakutana na dereva asiyejua kwamba oili ya injini hubadilishwa. Hata watoto wanaosimama gereji kutazama wanajua. Lakini injini zinazokufa ni za haohao wanaojua, na mie jambo hilo lilinitatiza mpaka nilipopata gari yangu ya kukodisha. Gari ya biashara ina watu wawili, mwenye gari na dereva, na kila mmoja anaona oili ni mzigo wa mwenzake.

Mie ni mwalimu. Gari ni Toyota Probox ya injini ya 1NZ, cc 1,500, imetoka Japani kama gari nyingi za visiwani. Anayeiendesha ni mtoto wa kaka yangu. Asubuhi anapeleka watoto skuli, kisha anakodiwa: mgonjwa wa kwenda Chake, abiria wa kuwahi boti Mkoani, vyombo vya harusi, na msimu wa karafuu magunia. Jioni ananiletea hesabu, kinachozidi ni chake. Utaratibu huu hauna mgeni.

Sasa utazame vizuri. Gari ikikaa gereji nusu siku, dereva anapoteza nusu siku na hesabu bado anadaiwa. Mwenye gari naye hela ya jana ameshanunulia unga. Kwa hiyo wote wawili wanakubaliana, bila ya kusemezana, kwamba oili itabadilishwa wiki ijayo. Wiki ijayo ina harusi.

Matokeo yake niliyaona kwa jirani yetu mmoja mwenye Noah. Kila wiki alichomoa kijiti akapima, oili ikipungua akaongeza, na kwa hilo alijiona mwangalifu kuliko mtaa mzima. Kubadilisha ndiko hakubadilisha. Siku moja akiwa njiani kwenda Chake, taa nyekundu ya oili, ile yenye picha ya kibirika, ikawaka na kukataa kuzima. Alisimama, akapima, akakuta oili imefika alama ya juu, akaamua kilichoharibika ni taa. Akaendelea. Injini ilianza kugonga kabla hajafika.

Nilikuwepo gereji fundi alipoifungua. Nilitarajia chini ya kile kifuniko cha juu nione vyuma. Nikaona haluwa, na mtu wa Wete hasemi hivyo kwa mzaha: tope zito la rangi ya haluwa iliyoungulia sufuriani, limejaa kila pembe, fundi analikwangua kwa bisibisi na kulipangusa kwenye gazeti. Chini kwenye sampu, yaani beseni la oili la chini ya injini, pampu ina chujio la waya linalonyonya oili, na chujio hilo lilikuwa limezibwa na tope hilohilo. Oili ilikuwepo, tena tele, ila ilikosa njia ya kupanda. Kijiti kinaonyesha kiasi cha oili, taa inaonyesha msukumo wake, na kimoja kinaweza kuwa sawa huku cha pili kimekufa. Taa hiyo ikiwaka unaegesha na kuzima injini hapohapo, hata kama mbele kuna boti inaondoka.

Kuongeza oili mpya juu ya kuukuu kunarudisha kiasi tu. Kazi ya oili si kulainisha peke yake. Inapoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, inaziba upenyo baina ya ringi na silinda, inazuia kutu, na watengenezaji huitia dawa za kushika masizi na kuua tindikali zinazotokana na petroli inapoungua. Dawa hizo zina mwisho. Zikiisha, joto linaikaanga oili na masizi yanashikana. Safari fupi ndizo mbaya zaidi, kinyume na wengi wanavyodhani. Gari ya kutoka mjini hadi Limbani na kurudi haipati moto wa kutosha kukausha mvuke wa maji unaoingia kwenye oili, wakati ile ya Mkoani inaufukuza njiani. Na rangi isikutie hofu wala isikupe moyo. Oili ikiwa nyeusi huenda inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Hesabu kilomita.

Kilomita ngapi? Hapo ndipo kila gereji ina dini yake. Mlangoni mwa gari yangu, upande wa dereva, palikuwa na kikaratasi cha Kijapani kilichobandikwa na gereji ya huko, na mwalimu mwenzangu alikisoma kwa programu ya kutafsiri ya simu: oili imebadilishwa, kilomita kadhaa, H30. H ni Heisei, enzi iliyoanza 1989, kwa hiyo unajumlisha 1988 na unapata 2018. Ukikuta R ni Reiwa, iliyoanza 2019. Wengi hukibandua gari inapooshwa mara ya kwanza, na wanakosa faida, kwa sababu kilomita za kwenye karatasi zikizidi zile za kwenye dashibodi, ujue mita imerudishwa nyuma na mtu.

Toyota wenyewe, kwa wateja wao wa Japani, wanasema gari ya petroli isiyo na tabo, ile feni ya kusukumia injini hewa, ibadilishwe oili kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja, kitakachotangulia. Kijana wangu alipolisikia hilo alifurahi mno. Nikaendelea kumsomea: kwa matumizi magumu, 7,500 au miezi 6. Na matumizi magumu wameyataja, barabara mbovu, vumbi, milima ya kupanda na kushuka, safari fupi za mara kwa mara. Nikamuuliza, "Hapo wameiacha sehemu gani ya Pemba?" Akacheka. Tukashika 5,000. Namba haisahauliki, na pia oili inayotufikia huku imepita mikono mingi, sina imani nayo ya kuipeleka hadi 7,500.

Kuhusu aina ya oili nilibishana zaidi na wauza duka kuliko na dereva. Wanakusukumia 20W-50, oili nzito, kwa hoja kwamba nchi yetu ya joto. Lakini injini ina thamostati, kidude kinachodhibiti joto lake. Ikishashika moto, ya Wete na ya Osaka hazipishani sana, na ile namba ya mwisho, 30 au 50, ndiyo inayopima uzito wa oili kwenye nyuzi 100. Kijitabu cha gari yangu kinataja 5W-30, na 1NZ ina njia nyembamba za oili pamoja na kikazio cha mnyororo wa taimingi kinachosukumwa na msukumo wa oili hiyohiyo. Oili nzito inachelewa kufika huko asubuhi, na utaisikia kwa mlio wa sekunde chache unapowasha. Natia 5W-30. Kwenye dumu natazama pia herufi za API, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya oili: inayoanza na S ni ya petroli, na C ni ya dizeli. SN ilitoka 2010, SP 2020. Ukiuziwa SF unauziwa kiwango cha miaka ya 1980, hata dumu liwe linang'ara vipi. Kizibo kikiwa kimeshafunguka ule mkanda wake, nalirudisha bila ya maneno mengi.

Yote hayo ni maarifa, na maarifa jirani yangu alikuwa nayo nusu yake. Kilichobaki ni ile habari ya nani anaumia siku ya gereji. Nilimwita kijana jioni moja baada ya hesabu.

"Shangazi, mie sikatai," akaniambia. "Lakini gari ikikaa gereji mpaka adhuhuri, hesabu naitoa wapi?"

"Siku ya oili haina hesabu."

"Haina nusu au haina yote?"

"Yote. Na utakachokipata mchana ni chako."

Alinyamaza, akawa kama anayengoja niseme natania. Kisha akauliza la pili, ambalo ndilo nililokuwa nalitaka: hela ya oili na filta itatoka kwa nani? Nikamwambia itatoka kwenye gari. Kila jioni nikipokea hesabu, kabla haijagusa jiko langu, nakata fungu dogo nalituma kwenye laini ya simu ambayo haina kazi nyengine. Gari ikikaribia kilomita zake, hela ipo, wala hatuna haja ya kutazamana.

Rafiki yangu mwenye gari mbili Chake alisema namdekeza dereva. Pengine. Lakini tangu siku ile ni yeye anayenikumbusha mie, tena mapema, kwa sababu siku ya oili kwake imekuwa kama sikukuu. Kabla ya hapo ningemuuliza kilomita akanijibu "bado, bado", nami sikuwa na njia ya kujua mpaka nitoke nikachungulie dashibodi. Siku moja ya hesabu kila kilomita 5,000 ndiyo bei ninayolipa nisidanganywe. Injini iliyotumika, ikija kwa boti, na fundi wa kuifunga, na gari imelala uani muda wote huo, ni hesabu za miezi.

Gereji siiachi gari nikaondoka. Nakaa kwenye benchi na madaftari ya wanafunzi nikisahihisha, na fundi hunitania, "Leo Mwalimu, daftari langu nalo litazame." Nalitazama. Gari ifike ina moto wa wastani ili oili itiririke na kubeba uchafu, isiwe ya kumbabua mtu. Nati ya sampu ni ya spana namba 14, na ina washa yake laini, pete ya kuzuia uvujaji. Washa kuukuu ikirudishwa mara nyingi inavuja, na fundi mwenye haraka huifidia kwa kukaza kwa nguvu mpaka akaharibu uzi wa sampu. Mie washa nakuja nazo mfukoni.

Filta ndiyo inayoleta ubishi. Fundi huniambia inaweza kungoja oili ya pili, na hajakosea sana. Lakini injini hii inachukua lita 3.7 ukibadilisha filta na 3.4 usipobadilisha. Tofauti hiyo ni oili chafu inayobaki ndani ya kopo la filta ikingoja kuchanganyika na mpya. Halafu filta ina vali ya dharura: karatasi yake ikiziba, vali inafunguka na oili inapita bila ya kuchujwa, kwa kuwa oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Dashibodi haikwambii lolote siku hiyo. Filta ni rahisi kuliko oili yenyewe. Naibadilisha kila mara. Za Toyota namba zake huanza na 90915, na kwa kuwa huku mara zipo mara hazipo, naagiza kadhaa kwa pamoja Unguja, zinakuja na boti kwenye boksi pamoja na mambo mengine.

Fundi anapaka oili mpya kwa kidole kwenye mpira wa filta, anaizungusha kwa mkono mpaka iguse, kisha anaongeza kiasi cha robo tatu ya mzunguko. Kwa mkono. Wale wanaoikaza kwa spana ya mnyororo ndio wanaoitoboa kwa bisibisi safari inayofuata ili itoke. Anatia oili, anawasha, anachungulia chini kama kuna tone, anazima, tunangoja ishuke, ndipo kijiti. Katika dumu la lita 4 inabaki kama glasi moja, naichukua nyumbani kwa kuongezea. Kilomita za leo na za mara ijayo naziandika kwenye kipande cha plasta nyeupe pembeni mwa kioo, palipo mbele ya macho ya dereva na abiria. Abiria wa Pemba hawaachi kitu bila ya kukiulizia.

Kupima kiasi ni kila Ijumaa asubuhi, gari imelala usiku kucha mahali pa tambarare. Msimu wa karafuu ndipo nimemwambia apime na katikati ya wiki, maana gari inapanda njia za mashamba na mzigo kwa gia ya kwanza, na 1NZ yenye umri hunywa kidogo ikibanwa.

Oili chafu naichukua kwenye dumu. Hapa kila mtu anaitaka, ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa, na mpaka sasa nampa mwenye msumeno wa mnyororo anayepasua mbao. Gereji nyengine huimwaga mtaroni, na mitaro yetu inashuka mabondeni kwenye visima na mipunga. Mwenye kisima chini ya gereji simhusudu.

Kwa sasa kuna jasho la oili kwenye gasketi ya kifuniko cha juu, linashuka taratibu upande wa ekzosi na kutoa harufu ya kuungua kwenye milima ya Mkoani. Fundi anasema inangoja. Gasketi nimeshaiagiza, na kijana ameuliza kama siku hiyo nayo haina hesabu. Nimemwambia ni kazi ya saa moja, alete nusu. Bado tunabishana.