Haidrati ndani ya testityubu: kumbukumbu ya mradi wangu, Busia

Tangu Januari nimekuwa nikijaribu kuelewa jambo moja kwa mikono yangu: namna gesi ya methani inavyogeuka kuwa haidrati, kitu kigumu cheupe, mfano wa barafu, ndani ya tope la chini ya bahari. Uganda haina bahari, lakini kazi yangu ni kutengeneza friji na mashine za barafu hapa Busia, na barafu inayoshika moto si kitu ambacho fundi wa baridi anaweza kukisikia akakiacha.

Nilianzia Majanji, kwenye mafunjo ya kando ya ziwa Victoria. Nilijaza chupa maji, nikaipindua mdomo chini huku bado imezama, nikachokoa tope kwa mti. Mapovu yakapanda, yakaingia chupani na kuyasukuma maji nje. Alessandro Volta, mwanasayansi wa Italia, alikusanya gesi ya topeni namna hiyohiyo katika ziwa la Lago Maggiore mwaka 1776. Niliporudi nyumbani nikaiwasha: mwali wa buluu, mwepesi, ukazima baada ya sekunde chache.

Gesi hiyo, methani, ni kazi ya viumbe vidogo mno vinavyoishi pasipo oksijeni, vikiyavunjavunja mabaki ya mimea iliyooza. Chini ya bahari mambo ni hayohayo, ila maji ya bahari yana salfeti, na viumbe vinavyotumia salfeti hutangulia kula. Isitoshe, methani inayopanda kutoka chini huliwa pale inapokutana na salfeti hiyo. Kwa hiyo gesi hujilimbikiza chini ya tabaka lenye salfeti, na huko ndiko haidrati hupata malighafi yake.

Maji yenye methani ya kutosha, yakibanwa na kupozwa, hujipanga kuwa vizimba. Molekuli 46 za maji hujenga vizimba 8, na kila kimoja kinaweza kufungia molekuli moja ya methani. Gesi haijaganda, imefungiwa. Haidrati ya mita moja ya ujazo, ikiyeyuka, huachia gesi ya mita za ujazo 160 na zaidi.

Rafiki zangu wavuvi waliniuliza mbona ziwa letu halina kitu hicho. Nilikaa jioni mbili na karatasi ya manila nikichora hesabu yake. Kwenye nyuzi 4 za Selsiasi methani inahitaji presha ya takriban anga 40 (mara 40 ya presha ya hewa ya kawaida), yaani kina cha kama mita 400 za maji. Chumvi ya bahari hulifanya sharti hilo kuwa gumu zaidi kidogo. Victoria, palipo na kina kirefu kabisa, ni mita 80 hivi, tena maji yake ni ya vuguvugu. Tanganyika inafika mita 1,470, lakini maji ya chini kabisa yana nyuzi kama 23, na kwenye joto hilo ingehitajika presha zaidi ya mara mbili ya iliyopo. Baikal kule Urusi ni ziwa la maji baridi lenye kina cha zaidi ya mita 1,600, na chini yake ni nyuzi 3 na kitu. Topeni mwake haidrati imepatikana kweli.

Mchoro huo ulinifundisha jambo jingine ambalo sikulitarajia: haidrati ina sakafu yake. Ukizidi kushuka ndani ya mashapo presha inaongezeka, lakini ardhi nayo inapata joto, mara nyingi nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Ukifika mita mia kadhaa chini ya kitanda cha bahari, joto linashinda. Hapo vizimba haviwezi kusimama, na gesi hubaki huru. Mawimbi ya sauti yanayotumwa kutoka melini hudunda kwenye mpaka huo, na ndivyo wataalamu wanavyoutambua kabla ya kuchimba.

Kubana methani nyumbani kwa anga 40 sitafanya. Badala yake mwalimu mmoja wa kemia alinisaidia kupata tetrahaidrofurani kidogo, kimiminika ambacho nacho hufungiwa na maji katika vizimba, lakini kwa presha ya kawaida, chini ya nyuzi 4.4. Mvuke wake unashika moto haraka, kwa hiyo kazi yote niliifanya uani, mbali na jiko na mbali na mota za friji. Siku ya kwanza iliharibika: nilipimia kwa bomba la sindano, mpira wake ukavimba, ukakwama, nikapoteza nusu ya nilichokuwa nacho. Sasa napimia kwa kioo tu, gramu 19 kwa gramu 81 za maji.

Testityubu nne: ya kwanza maji matupu, ya pili mchanganyiko, ya tatu mchanganyiko na mchanga uliooshwa, ya nne mchanganyiko na udongo wa mfinyanzi. Zote niliziingiza kwenye boksi la samaki lenye barafu iliyopondwa na maji. Dakika 40 zikapita, hakuna kilichobadilika. Nikachukua waya uliolala kwenye barafu, nikakwaruza kioo cha ya pili kwa ndani. Wingu jeupe likaanzia kwenye ncha ya waya, likateremka hadi chini. Kipimajoto kilichokuwa kwenye nyuzi 1 kikapanda hadi 4.

Mtoto wa kaka yangu alikuwa amekishika.

“Baba mdogo, mbona inaganda na huku inapata joto?”

Swali zuri kuliko yote niliyojiuliza mimi. Vizimba vinapojifunga hutoa joto, na haidrati ya methani nayo hufanya hivyo. Baharini joto hilo lazima lipate pa kwenda ndipo ujenzi uendelee. Maji matupu, ndani ya boksi lilelile, yalibaki maji.

Ya mchanga ilikuwa imeshikamana kama saruji. Niligonga kwa koleo ikalia. Haidrati ilijaa katikati ya punje. Ya udongo niliivunja kioo na kuikata kwa kisu: mishipa myeupe, mmoja mnene kama njiti ya kiberiti, na udongo mkavu zaidi pembeni yake. Ndani ya vitundu vidogo mno fuwele hukua kwa shida, kwa hiyo huvuta maji na kuusukuma udongo kando. Tofauti hiyo ipo hata chini ya bahari. Ndiyo maana Wajapani, walipojaribu kutoa gesi mwaka 2013 baharini kwao huko Nankai, walichagua tabaka za mchanga.

Kasoro ya jaribio langu naiona. Tetrahaidrofurani huchanganyika na maji kabisa, wakati methani huyeyuka kidogo sana. Baharini shida kubwa ni kuifikisha gesi mahali penye baridi na presha, iwe imetengenezwa papo hapo au imepanda kwa nyufa kutoka chini.

Jumamosi niliongeza tone la rangi nyekundu ya keki kwenye mchanganyiko, kwa kuwa vizimba huikataa chumvi na nilitaka kuona kama vitaikataa rangi pia. Leo asubuhi testityubu ilikuwa nyeupe kandokando, na katikati umebaki uzi mwembamba mwekundu, mzito kuliko rangi niliyotia. Wiki ijayo natia chumvi halisi, na nitapima nyuzi ambazo itaanza kuyeyuka.