Samaki wanakanyaga wapi?

Leo usiku wa nne, na swali la kitindamimba wetu bado linanizunguka kichwani.

Jumapili tuliitoa ile darubini ndogo, nikamlengea Mshtarii. Alipanda juu ya kiti, jicho moja kalifunika kwa kiganja, akakaa kimya mpaka nikadhani amesinzia. Kumbe anahesabu vidoa vinne vya nuru vilivyojipanga ubavuni mwa sayari, miezi ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Halafu:

"Mama, kule kuna watu?"

"Hakuna, mwanangu. Ni gesi tupu. Hakuna hata pa kukanyaga."

"Kwani samaki wanakanyaga wapi?"

Nikamwambia usiku umekwenda, akalale.

"Haya, mama." Akashuka kwenye kiti polepole, akaingia ndani bila kugeuka nyuma. Hiyo "haya" yake ndiyo inayonichoma. Wiki hii dada kajifungua salama, kazini tumepata mkuu mpya, na katika yote hayo mimi nasikia "haya, mama".

Angeuliza jambo nisilolijua, ningelala vizuri. Lakini hizi sayari kubwa za gesi nimezipenda tangu nikiwa na umri wake, na bado nilimpa jibu la mtu anayetaka kufunga mlango. Tena jibu lenyewe halikuwa sahihi. Mshtarii si gesi tupu. Ukizidi kushuka, haidrojeni inabanwa na uzito wa yote yaliyo juu yake mpaka inageuka kimiminika, taratibu, bila uso wowote ambao mtu angesema hapa gesi imekoma. Mtoto alitaja viumbe vya majini, nami nikamkatalia kwa sababu ya ardhi!

Na wapo wanasayansi waliofuata njia hiyohiyo ya samaki. Mwaka 1976 Carl Sagan na Edwin Salpeter waliandika kuhusu viumbe ambao wangeweza kuishi katika mawingu ya Mshtarii: wengine wadogo wanaozama polepole na kuzaana kabla joto la chini halijawaunguza, wengine wakubwa kama maputo wanaoelea maisha yao yote. Upo usawa ndani ya mawingu hayo ambapo joto ni kama la chumba hiki ninamoandikia. Tatizo ni mikondo ya hewa. Inapanda na kushuka kwa nguvu, na kinachobebwa hadi chini kabisa kinaungua. Chombo kidogo kilichoshushwa humo Desemba 1995 kilituma habari kwa karibu saa nzima, kikanyamaza.

Kwa hiyo simwambii kwamba wapo. Ila kati ya "sidhani" na "hakuna" kuna nafasi kubwa, na mtoto wa umri ule anahitaji kuachiwa nafasi hiyo.

Jana jioni, nakunja nguo, ndipo nikaikumbuka Enceladus, nikasimama na shuka mkononi. Nilikuwa nimemnyima mtoto miezi! Ni kimwezi cha Zohali chenye kipenyo cha kilomita 500 hivi, barafu nje, bahari ndani. Kinaizunguka sayari yake kwa saa 33, na mvuto wa Zohali unakikaza na kukilegeza kila mzunguko, kama mkono unaofinya na kuachia mpira; hapo ndipo joto la kuzuia bahari isigande linapotoka. Chombo cha Cassini kilipita katikati ya mvuke unaoruka kutoka nyufa za kusini, kikakuta chumvi na haidrojeni. Bahari, kwenye giza, isiyo na pwani hata moja. Nani akanyage wapi?

Na Septemba 2017, mafuta yalipokaribia kwisha, Cassini iliingizwa ndani ya Zohali iteketee, isije siku moja ikauangukia mwezi ule na kuupelekea vijidudu vya Dunia. Chombo kilichoitwa Galileo nacho kiliteketezwa hivyohivyo ndani ya Mshtarii mwaka 2003, kwa ajili ya Europa, mmoja wa ile miezi minne. Nikilifikiria hili machozi hunilengalenga. Watu wamejenga kitu kwa miaka, halafu wakakichoma kwa heshima ya jirani ambaye hawajui kama yupo.

Asubuhi nikamwambia yote, nimechuchumaa mbele yake mlangoni. Alisikiliza huku akivaa soksi. "Nilijua," akasema, akaniomba nimtafutie ya pili.

Chombo kingine, Europa Clipper, kiko njiani, kitafika Mshtarii mwaka 2030. Hakiendi kutafuta viumbe wenyewe, kinaenda kuangalia kama bahari ya Europa inaweza kuwahifadhi. Huyu atakuwa amenifika mabegani.

Baba amepiga simu mara mbili leo, na mara zote mbili aliuliza tu watoto hawajambo, akakata. Hupiga hivyo anapokuwa na maumivu asiyotaka kuyataja. Nimempigia sasa hivi, inaita tu.