Jumamosi yangu na Bwana Msa

Jamani nimelala saa tisa usiku juu ya kitabu na sijutii hata kidogo. Jumamosi tulikuwa na kikao cha wasomaji kwa maktaba ya umma huku Eastlands, watu kama kumi na wawili hivi, na mada ilikuwa riwaya za upelelezi, kila mtu aje na moja anayoipenda. Mimi nilidhani watu wataleta za Uingereza na Marekani tu, kumbe mzee mmoja akatoa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, nakala imechakaa mpaka gamba limeshikiliwa na selotepu, akatusomea mwanzo kwa sauti polepole na chumba chote kikanyamaza, hata watoto wa kona ya vibonzo wakageuka.

Hiyo ni ya 1960 wasee! Mtu anapatikana amekufa pale kwenye mzimu, yaani mahali pa matambiko, watu wanasema ni mambo ya mizimu, halafu anakuja mpelelezi Bwana Msa na kiko chake na maswali yake. Siwaambii zaidi.

Dada mwingine akamtetea jasusi Willy Gamba wa mwandishi Elvis Musiba, akasema anza na Kufa na Kupona, mbio na risasi kila ukurasa. Nitaisoma, lakini mimi napenda ile ya kuchunguza taratibu, unashuku kila mtu hadi mpishi.

Nakala ya yule mzee iko kwangu wiki mbili, nani anaifuata?