Sensa za NPN kwenye moduli iliyofungwa kwa PNP

"Moduli imeungua, agiza nyingine." Hivyo ndivyo alivyosema kila aliyepita mbele ya paneli, na hakuna hata mmoja aliyeshika mita.

Moduli yenyewe ni ya inputi 16 za volti 24 DC na autoputi 16 za transista, inaongea na PLC (kompyuta inayoendesha mashine) kwa Modbus RTU, lugha ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani. Kufunga kwenye reli na kuvuta kebo sielezi. Sensa za zamani ziliwasha taa za inputi bila shida. Zile sita mpya hazikuwasha kitu, ingawa taa ya kwenye sensa iliwaka kila chuma kikisogezwa.

Jibu limechapwa ubavuni mwa sensa. Za zamani ni PNP: waya mweusi unatoa volti 24. Mpya ni NPN: mweusi unavuta kwenda hasi. Komoni ya moduli, yaani ncha ya pamoja ya inputi, nayo ilikuwa imefungwa hasi. Hasi kwa hasi, mkondo utatoka wapi?

Mwenye sauti kubwa kuliko wote akaamuru tuweke risista ya kilo-omu 2.2 kati ya waya wa kahawia, ule wa chanya, na mweusi. Sikuipenda, ila kubishana naye kungechukua muda kuliko kuifunga. Taa ikawaka, watu wakapongezana. Nikasogeza chuma, ikazima. "Geuza kwenye programu," akasema. Tukageuza, inputi ikizima PLC ihesabu chuma kipo. Nikaweka mita kwenye inputi: volti 16 na ushei, wakati inputi ya aina ya 1 kwa kiwango cha IEC 61131-2 inataka zisipungue 15. Pawasapulai ikilegea kidogo tu, kwaheri. Kisha nikachomoa fyuzi ya sensa, nikamwita aje atazame skrini. PLC ikaona chuma sehemu zote sita, na mbele ya sensa hapakuwa na hata msumari! Mashine ingeanza kubana hewa. Risista zikatoka bila mjadala.

Dawa ilikuwa kwenye mchoro wa moduli. Optokapla ya kila inputi, kipande kinachopitisha ishara kwa mwanga, imechorwa na dayodi mbili zilizopishana, maana yake mkondo unapita upande wowote. Tena komoni ni mbili: moja ya inputi 0 hadi 7, nyingine ya 8 hadi 15. Nikahamishia NPN zote kundi la pili, komoni yake nikaipa volti 24. Zote sita zikaitika. Gharama ni waya kidogo. Mchoro wako ukionyesha dayodi moja tu, usilazimishe, tafuta sensa za PNP. Na usichanganye aina mbili kwenye komoni moja.

Koili za vali, zilizo kwenye autoputi, nimezivalisha dayodi ya 1N4007 kila moja kumeza volti inayoruka koili ikizimwa, mstari wake ukielekea chanya. Ukiigeuza, ni shoti. Wapo wanaosema moduli ina kinga yake ndani. Mimi naweka tu.

Modbus haikunisumbua, isipokuwa PLC ilisoma inputi ya jirani. Kitabu kinahesabu kuanzia 10001, lakini kwenye waya hesabu inaanzia 0, kwa hiyo ya kwanza ni 0. Risista ya omu 120 inakaa kwenye ncha mbili za kebo ya Modbus tu. Niliikuta kwenye kila moduli, nikazing'oa zile za katikati.